Shangingi la mtumba na mlima Sekenke

Shangingi likipita Misigiri, hata anayechoma mishikaki hugeuza shingo. Hapa njia panda, barabara ya Kiomboi inapoachana na ile ya Singida kwenda Nzega, hakuna wa kuuliza shangingi ni nini. Ni Land Cruiser kubwa, gari la wakubwa, lililopewa jina la mwanamke anayejua kujipamba na kujionyesha. Sasa mashangingi yamezeeka. Yanauzwa minadani na mitandaoni, na mkulima wa alizeti aliyevuna vizuri anaweza kushika ufunguo wa gari ambalo miaka 20 iliyopita lilimpita barabarani na kumwachia vumbi.

Mimi nayapenda magari haya, ndiyo maana inaniuma mtu anapouziwa rangi na viti vya ngozi. Ugonjwa wa gari hauko huko.

Chukua Land Cruiser 100, iliyouzwa kati ya 1998 na 2007. Je, wajua kwamba zile za bei ya juu nyingi hazisimami kwa springi peke yake? Sehemu ya uzito hubebwa na mafuta. Shokomzoba ya kila gurudumu imeunganishwa na tufe dogo la chuma, na ndani ya tufe utando wa mpira unatenga mafuta na gesi ya naitrojeni. Gurudumu likiangukia shimo, mafuta hayabinyiki. Gesi ndiyo inayobinyika na kurudi. Ule ulaini unaomfanya abiria asinzie kwenye barabara ya vumbi ni gesi hiyo inavyopumua.

Miaka ikipita, naitrojeni huvuja kidogo kidogo mpaka gari linarusha kama lori tupu. Muuzaji atasema ni matairi magumu. Usibishane naye, funua boneti. Kuna chupa ya plastiki ya mafuta hayo, ina mistari ubavuni. Injini ikiwa inaunguruma, bonyeza swichi gari lishuke mpaka chini kabisa, kisha soma mafuta yamefika mstari wa ngapi. Lipandishe mpaka juu kabisa, usome tena. Kwa gari jipya tofauti huwa kama mistari 14. Ukipata 7 au pungufu, matufe yamekwisha, na yako manne.

Range Rover ina hadithi yake. Ilipoingia sokoni mwaka 1970 ilikalia springi za kawaida. Kuanzia 1992 baadhi yake zikaanza kubebwa na mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Mpira huo una mikunjo, nayo mikunjo hushika mchanga. Ukizeeka hupata nyufa ambazo jicho halizioni, hewa ikatoka usiku kucha. Kwa hiyo usikubali kuonyeshwa Range Rover saa nne asubuhi, imeshaoshwa na kuwashwa. Nenda alfajiri, ikiwa bado imelala. Kama kona moja imezama, mfuko wa hapo unavuja, na pampu ya hewa imekuwa ikihangaika kuufidia. Pampu isiyopumzika huungua.

Nirudi kwenye Land Cruiser, kwa sababu mlima Sekenke unatusubiri. Uko mbele ya Misigiri ukielekea Shelui, na hakuna gereji ya kupimia gari inayoushinda. Ila usiteremke kabla ya kupima breki mkiwa mmesimama. Land Cruiser 100 nyingi husaidiwa breki na pampu ya umeme. Zima gari, kanyaga pedali ya breki mara 40, halafu fungua swichi bila kuwasha injini. Utasikia pampu ikivuma. Hesabu sekunde: nzima hunyamaza ndani ya 40 hivi. Ikiendelea kuvuma bila kukoma, usilipeleke gari hilo mlimani. Linakaribia tani mbili na nusu.

Wakati wa kupanda kurudi, washa kiyoyozi na ulipe gari kazi. Usiuamini sana mshale wa joto. Katika magari mengi ya siku hizi mshale umetengenezwa utulie katikati hata joto likipanda na kushuka, na ukija kusogea maji huwa yamekwishapata joto kupita kiasi. Mkifika juu kagua rejeta, hasa kwenye plastiki ya juu. Maji ya rejeta ya Toyota mara nyingi ni ya waridi. Yakivuja na kukauka huacha ukoko wa rangi hiyohiyo. Kwenye Land Cruiser 200 ufa wa hapo unajulikana sana.

Mita ya kilomita hurudishwa nyuma, hilo kila fundi analijua. Pedali iliyolika na usukani uliong'aa kwa jasho havidanganyi kirahisi. Injini ya petroli ya lita 4.7 inataka mkanda wa taimingi mpya kila kilomita 150,000 hivi, basi omba risiti. Pia lala chini, usome namba iliyogongwa kwenye chesisi karibu na gurudumu la mbele kulia, uilinganishe na kadi ya gari herufi kwa herufi.

Kijana mmoja wa Kiomboi aliniomba niende naye kuona Land Cruiser VX nyeupe iliyong'aa kama sahani. Pampu ya breki ilinyamaza sekunde ya 35. Mlima ikaupanda bila kuhema. Tukafunua boneti, akashusha, akapandisha, akahesabu kwa kidole akirudia mara mbili.

"Mitano, mzee."

"Haya. Mwambie apunguze bei ya matufe manne."

Muuzaji alikataa, akaondoka, akafika kwenye kibanda cha chai, akarudi.