Ua la Usambara Ndani ya Geto

Wenzangu wengi wa geto wanaona bafu ni mahali pa ndoo na sabuni tu. Kumbe kuna mimea inayopenda unyevu wake. Mfano ni Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya, ilhali kwao ni huku kwetu, kwenye misitu ya ukungu ya Usambara. Mjerumani Walter von Saint Paul alituma mbegu kwao, na mwaka 1893 ua likapewa jina lake.

Ila unyevu peke yake hautoshi. Bafu lisilo na dirisha litaliua. Linataka mwanga, lakini si jua kali. Mwagilia udongo, si majani, maana maji huyaachia madoa. Kisahani cha chini kimwage kila mara, la sivyo unafuga mbu wa dengi.

Na jamani, ukienda Lushoto usiling'oe porini. Misitu inapungua, na baadhi ya aina zake ziko hatarini kutoweka. Omba jani moja kwa mwenye nalo, chomeka kikonyo chake kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, subiri wiki kadhaa. Mimi mwalimu mtarajiwa nataka wanafunzi wangu walikute msituni, si kwenye picha tu.