Ndege Hii, Ndege Huyu: Mabingwa Watano wa Masafa

1. Mbali zaidi kwa safari za abiria: Singapore – New York

Kilomita 15,349 bila kutua. Kuzipata barabarani, toka Nairobi uende Mombasa na kurudi mara 16! Airbus A350-900ULR ya Singapore Airlines huzimaliza kwa takribani saa 18 na dakika 40. Kwa muda huo mechi 12 zingechezwa mfululizo bila mapumziko, na ya 13 ingefika dakika ya 40. Matangi yake humeza hadi lita 165,000. Maboza manne ya lita 40,000 hayatoshi kuyajaza. Ili ibebe mafuta hayo, viti vimepunguzwa hadi 161, na daraja la kawaida halimo kabisa. Sisi tuna Nairobi – New York ya Kenya Airways, iliyoanza 28 Oktoba 2018, inayochukua saa 15 hivi. Ni safari ya kujivunia, ila taji liko Singapore.

2. Muda mrefu zaidi kwa safari za abiria: Perth – Ceylon (sasa Sri Lanka)

Bahari hii hii ya Hindi, 1943 hadi 1945, wakati wa vita. Ndege aina ya Catalina za shirika la Qantas zilivuka kimyakimya, redio zimezimwa Wajapani wasisikie, marubani wakiongozwa na nyota. Abiria hawakuzidi watatu. Safari ndefu kuliko zote ilichukua saa 32 na dakika 9: basi la Dar lingefika Mwanza na kugeuza. Waliomo waliona jua likichomoza mara mbili kabla ya kukanyaga ardhi.

3. Fupi zaidi: Westray – Papa Westray, Scotland

Kilomita 2.7. Daraja la Kigongo–Busisi ni refu kuliko hapo! Kindege chenyewe hubeba abiria wanane, pungufu ya Hiace. Ratiba inasema dakika mbili. Upepo ukisukuma, rekodi ni sekunde 53.

4. Kasi zaidi kwa ndege ya abiria: New York – London

Concorde, 7 Februari 1996: saa 2, dakika 52, sekunde 59. Treni ya SGR iliyoondoka Dar dakika ile ile ingekuwa bado haijaiona Dodoma.

5. Asiye na injini: Alaska – Tasmania

Kiswahili kinawaita wote ndege, basi na huyu ashindane. Oktoba 2022, ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu, umri kama miezi mitano, uzito haufiki kilo moja, aliondoka Alaska na kifaa cha setilaiti mgongoni, namba 234684. Aliruka kilomita 13,560 kwa siku 11 na saa moja, akaipita Nairobi – New York kwa mbali. Wastani wake ni kilomita 51 kwa saa, mwendo wa daladala mjini, usiku na mchana, juu ya Pasifiki. Kwangu mimi, bingwa ni huyu! Kabla ya safari ndege wa aina yake hujaza mafuta mwilini, na tumbo lenyewe husinyaa kupunguza mzigo. Kisha ni mabawa tu. Hakula, hakutua, mpaka Ansons Bay.