Nani Anaimba?

Kila nikitaja darasani hapa Chake Chake albamu ya jazi inayoongozwa na mpiga dramu, mkono wa kwanza kunyanyuka huuliza: "Sasa nani anaimba?" Nikijibu kwamba haimbi mtu, hufuata la pili: "Kumbe dramu tupu, mwanzo mpaka mwisho?"

Hapana. Na leo tulimalize.

Chukueni albamu ya Art Blakey na kundi lake la Jazz Messengers, iliyorekodiwa kwa siku moja, tarehe 30 Oktoba 1958, ikaja kujulikana kwa jina la kipande chake cha kwanza, "Moanin'". Ina vipande sita. Blakey hakutunga hata kimoja: vinne ni vya Benny Golson, mpiga saksofoni, kimoja cha Bobby Timmons, mpiga piano, cha mwisho ni wimbo wa zamani uliotoka kwenye mchezo wa jukwaani. Kilichotungwa makusudi kuionyesha dramu ni kimoja tu. Hata hivyo albamu ni ya Blakey.

Yake kwa lipi? Kwa kuwa kundi ni lake, na yeye ndiye anayeliendesha. Piano ikishika zamu, hupunguza mkono. Tarumbeta ikipamba moto, huichochea. Zamu ikikaribia kwisha, huvingirisha fimbo kwenye ngoma ndogo, mvumo ukapanda, na anayefuata hana budi kuingia.

Sisi Wapemba ndio tusio na udhuru kabisa. Nani hajaona kibati? Watu wanajibizana papo kwa papo, maneno mbio mbio, ngoma iko chini yao. Kicheko anakipata msemaji, lakini ngoma ikipwaya, na ulimi unakwama. Mahali pa maneno weka tarumbeta na saksofoni, umeshafika.

Linaloniudhi zaidi ni dawa ya vijana wanaorekodi wenyewe: "Ili ijulikane dramu ndiyo inayoongoza, ipandishe kwenye mixa." Nimesikiliza kazi hizo mpaka masikio yakalia. Matoazi yanaifunika tarumbeta, besi inazama, na kinachobaki ni fundi bati juu ya paa. Nahodha hakai omo akapiga kelele. Hukaa tezi, msukani mkononi, na abiria wengi hata hawamtazami. Ukiipandisha dramu hukumpa mpigaji uongozi, umewanyima wenzake nafasi ya kuongozwa.

Ya kufanya ni haya. Anza na "Moanin'", kipande cha kwanza, mara tatu: kwanza fuata toazi peke yake, kisha toazi na besi, kisha namna zamu zinavyopokezana. Vaa spika za masikioni, maana spika ya simu haitoi besi. Ukitaka lazima sauti ya mtu, tafuta "We Insist!" ya mpiga dramu Max Roach, ya mwaka 1960: Abbey Lincoln anaimba, na kipande kimojawapo kinawalilia waliouawa Sharpeville, Afrika Kusini, Machi mwaka huohuo. Ukitaka kupiga, kaa karibu na wapigaji wa ngoma ya msewe uangalie mikono yao. Ukitaka kurekodi, pata mpiga besi kwanza, mixa baadaye.

Swali la nani anaimba nimeshalijibu. Jengine nitalipokea kwa aliyesikiliza vipande vyote sita.