Ni nani aliyekulipia? Mkristo na deni la shukrani Garissa

KUNA deni ambalo halilipwi kwa pesa wala kwa ngamia. Ni deni la mtu aliyekufa ili wewe uishi. Mwenye kudai hayupo tena kukubishia hodi, na kwa sababu hiyo ni deni rahisi sana kulisahau.

Wakristo wanalijua deni hili, au angalau wanapaswa kulijua, kwa kuwa imani yao yote imesimama juu yake. Usiku wa kuamkia kusulubiwa, Yesu aliketi mezani na wanafunzi wake, akamega mkate, akawapa kikombe na kuwaagiza waendelee kufanya hivyo wakimkumbuka yeye. Hata jina la Ekaristi linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kushukuru. Kukumbuka na kushukuru, basi, vimekaa meza moja tangu mwanzo.

Isitoshe, meza ile ilikuwa ya Pasaka, sikukuu ya Wayahudi ya kukumbuka jinsi babu zao walivyotolewa utumwani Misri. Desturi yao ni kwamba mtoto huuliza maana ya usiku huo, na wazee humsimulia. Walijua kwamba ukombozi usiosimuliwa watoto husahaulika upesi.

Je, sisi tunawasimulia nini watoto wetu? Hebu tuitazame nchi ya Garissa, Wajir na Mandera, ambako maneno haya ya mimbarini yamepimwa kwa damu.

<b>Alhamisi Kuu ya 2015</b>

Ilikuwa Aprili 2, 2015, Alhamisi Kuu, siku ileile ambayo Wakristo huikumbuka Karamu ya Mwisho. Alfajiri, baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa walikuwa wamekusanyika katika chumba cha masomo wakisali. Wengine walikuwa wangali wamelala mabwenini. Wapiganaji wa Al-Shabaab waliingia wakifyatua risasi, wakawa wanawatenga Wakristo na Waislamu. Kufikia jioni watu 148 walikuwa wameuawa. Kati yao, 142 walikuwa wanafunzi. Waliobaki walikuwa polisi na wanajeshi waliokufa wakiwatetea.

Wengi wa vijana hao walikuwa wametoka mbali, sehemu mbalimbali za Kenya. Wazazi waliuza ng'ombe na kukopa ili mtoto apate karo. Pasaka ya mwaka huo, wazazi hao hawakuiadhimisha kanisani. Walikuwa Nairobi, katika hifadhi ya maiti ya Chiromo, wakingojea kumtambua mwana wao.

Siku chache baadaye wananchi walikusanyika Uhuru Park wakiwasha mishumaa. Walisisitiza jambo moja: waliokufa wasihesabiwe tu, bali watajwe majina. Walikuwa na haki. Anayekumbuka hesabu pekee hajamkumbuka mtu.

Chuo kilifungwa, lakini kilifunguliwa tena Januari 2016. Kila mwanafunzi anayebeba vitabu vyake kuingia katika lango lile leo, awe Mkristo au Mwislamu, anatumia uhuru ambao wenzake walitangulia kuulipia.

<b>Walinzi wa mlangoni</b>

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Ni maneno mazuri. Hata hivyo, karatasi haiwezi kusimama mlangoni. Lazima asimame mtu.

Jumapili ya Julai 1, 2012, makanisa mawili ya mjini Garissa, la AIC na la Kikatoliki, yalishambuliwa ibada ikiendelea. Kwenye kanisa la AIC, wauaji walianza kwa kuwapiga risasi maafisa wawili wa polisi waliokuwa wakilinda. Kisha wakarusha maguruneti ndani na kuwamiminia risasi waumini waliokuwa wakikimbia. Watu wapatao 17 walikufa siku hiyo.

Jambo lililofuata halikutarajiwa na wengi. Viongozi wa Waislamu, wakiwemo wa Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya (SUPKEM), walitangaza kwamba vijana wa Kiislamu wangejiunga katika kuyalinda makanisa ya Garissa. Fikiria maana yake, msomaji. Kijana wa Kiislamu akubali kusimama nje juani, mahali ambapo polisi wenye bunduki walikuwa wameuawa, ili jirani yake Mkristo aimbe tenzi ndani kwa utulivu.

<b>Basi la Mandera</b>

Novemba 22, 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa. Abiria walioshindwa kusoma maneno ya Kurani walitengwa, na watu 28 wakauawa. Miongoni mwao walikuwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Siku kumi baadaye, Desemba 2, wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe waliuawa karibu na mji huohuo wa Mandera.

Kwa hiyo, Desemba 21, 2015, basi jingine liliposimamishwa kwa risasi karibu na El Wak likielekea Mandera, kila abiria alijua yatakayofuata. Wauaji waliamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Waliwaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote.

Watu wawili waliuawa katika shambulio hilo. Miongoni mwa waliojeruhiwa alikuwa Salah Farah, mwalimu wa shule ya msingi huko Mandera. Akiwa kitandani hospitalini, aliwaambia waandishi wa habari kwamba watu wanapaswa kuishi pamoja kwa amani, kwa kuwa wao ni ndugu na tofauti yao ni ya dini tu. Alifariki Nairobi Januari 2016, akiacha mke na watoto. Mwaka huohuo Serikali ilimtunuku nishani baada ya kufa kwake. Kisa cha basi hilo kilitengenezewa filamu fupi, Watu Wote, ya mwaka wa 2017, ambayo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka uliofuata.

Mkristo atasema, na ni haki yake kusema, kwamba msalaba wa Kristo haulinganishwi na kifo cha mwanadamu yeyote. Lakini ni Kristo huyohuyo aliyefundisha kwamba hakuna upendo mkubwa kuliko wa mtu kutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Tena, alipoulizwa jirani ni nani, alitoa mfano wa Msamaria, mtu wa kabila na ibada nyingine. Mwenye kumshukuru Mungu kwa msalaba, kisha akashindwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya mwalimu Salah, hajausoma mfano huo ukaisha.

<b>Mwanamke wa Wajir</b>

Wala usidhani deni hili ni la upande mmoja. Mwaka wa 1969 aliwasili Kenya mwanamke Mkatoliki kutoka Italia, Annalena Tonelli. Huko Wajir alijitoa kuwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu, wengi wao wafugaji wa kuhamahama wa Kiislamu. Tatizo lilikuwa kwamba mgonjwa akipata nafuu kidogo tu hufuata mifugo yake na kuacha dawa. Yeye aliwaweka wagonjwa katika manyatta karibu naye, wakameza dawa chini ya uangalizi mpaka wapone.

Februari 1984, majeshi ya usalama yaliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Mamia waliuawa. Miaka mingi baadaye, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikadiria kwamba huenda waliokufa walikaribia 1,000. Wakati huo eneo zima lilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, ambazo ziliondolewa mwaka wa 1991 tu, na wengi waliogopa hata kunong'ona. Annalena alikwenda kuokota maiti na kuwatibu majeruhi, na akasaidia habari za mauaji hayo kuifikia dunia. Mwaka wa 1985 ilimlazimu kuondoka Kenya.

Aliendelea na kazi yake kwa Wasomali. Oktoba 5, 2003, alipigwa risasi huko Borama, Somaliland, katika hospitali aliyoianzisha. Mwaka huohuo alikuwa ametunukiwa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa.

Naam, Mkristo alitoa maisha yake kwa ajili ya Waislamu wa Wajir, na Mwislamu akatoa yake kwa ajili ya Wakristo katika njia ya Mandera. Waliolala makaburini wamekwisha kutufundisha. Kazi imebaki kwetu tulio hai.

<b>Kumbukumbu isigeuke kisasi</b>

Hapa ndipo penye hatari. Kumbukumbu ni kama moto wa jikoni, unaopika na unaounguza. Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya Wasomali walikamatwa Nairobi, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Baada ya kila shambulio, wako waliohama kiti ndani ya matatu kwa sababu tu aliyeketi karibu nao amevaa buibui. Wakati huohuo, Waislamu wa Kaskazini Mashariki nao wamezika ndugu zao waliouawa na magaidi haohao.

Hasara haiishii kaburini. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Nani angewalaumu walimu kwa kuogopa? Lakini waliobaki bila mwalimu ni watoto ambao hawakumkosea mtu.

Aliyesulubiwa aliwaombea waliomsulubisha. Mkristo anayemkumbuka huyo hana ruhusa ya kukumbuka kwa chuki. Anaruhusiwa kulia, kudai haki mahakamani na kudai ulinzi. Kumfanya jirani asiye na hatia alipie damu ni fadhila za punda.

<b>Nyumbani kwako</b>

Ufanye nini basi, wewe baba au mama unayesoma ukurasa huu baada ya ibada?

Kwanza, wasimulie watoto. Siku ya Pasaka, kabla ya chakula, wataje waliokufa Garissa, mtaje na Salah Farah. Mtoto akiuliza kwa nini tunamtaja Mwislamu siku ya Pasaka, umepata nafasi ya kumfundisha.

Pili, watafute waliofiwa walio karibu nawe. Maombolezo ya hadharani huisha baada ya siku arubaini, lakini karo ya wadogo wa marehemu haiishi. Mara nyingi ni mama mmoja ambaye kila Aprili hukaa peke yake. Mtembelee.

Tatu, mfanye jirani yako awe huru. Idd ikifika, mpe mkono wa Idd. Kijana wa Kisomali akitafuta chumba cha kupanga katika ploti yako, mwulize kodi kama unavyowauliza wengine wote, si zaidi.

Nne, omba kwa ajili ya wenye chuki. Ni zoezi gumu kuliko yote, na hakuna atakayekupigia makofi.

Wazee walisema asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kikubwa hashukuru. Uhuru wa kuingia kanisani Jumapili na kurudi nyumbani ukiwa mzima waweza kuonekana kitu kidogo. Muulize aliyeketi ndani ya basi lile karibu na El Wak, akiwa amejifunika mtandio wa mwanamke asiyemjua, akakueleza ukubwa wake.