Daftari la Madeni na Msimu wa Korosho: Mafunzo ya Duka Dogo

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, na vivyo hivyo katika Wilaya ya Tunduru mkoani Ruvuma, duka dogo la kijijini hufuata kalenda ya mkorosho kuliko kalenda iliyotundikwa ukutani. Kuanzia Oktoba, minada inapofunguliwa, hadi mwanzoni mwa mwaka mpya, fedha huwa mikononi mwa watu na muuzaji hana haja ya kumbembeleza mteja. Ifikapo Februari hali hubadilika. Akiba imekwisha, mahindi mapya bado yako shambani, na yule aliyelipa taslimu mwezi Desemba husimama dirishani akiomba kilo mbili za unga "hadi korosho". Makala haya yanahusu maneno hayo mawili. Aghalabu mwenye duka anayefika Ofisi ya Biashara kuulizia mkopo hakukosa wateja. Mtaji wake upo, ila umekaa ndani ya daftari.

Kukopesha si kosa. Muuzaji wa kijijini asiyekopesha kabisa huuza kidogo mno kwa nusu ya mwaka, tena huishi miongoni mwa majirani wenye kumbukumbu ndefu. Lile bango la "Leo hakuna mkopo, njoo kesho" linajulikana na kila mtu, na si ajabu kulikuta juu ya rafu ya mwenye daftari nene kuliko wote mtaani. Swali lenye maana ni kiasi gani kikopeshwe, kwa nani na hadi lini.

Tuchukue mfano wa hesabu. Duka linanunua bidhaa kwa shilingi 10,000 na kuziuza kwa 11,000. Mteja akichukua bidhaa hizo kwa mkopo na asilipe, wenye duka wengi husema wamepoteza faida ya shilingi 1,000. Kilichopotea kwanza ni ile 10,000 iliyolipwa kwa muuzaji wa jumla. Ili kuirudisha, duka linahitaji wateja wengine kumi wanunue kiasi hicho hicho na walipe wote, na faida yote ya wateja hao kumi itatumika kuziba pengo la mmoja.

Hasara ya pili haionekani kwa urahisi, kwa sababu humpata hata muuzaji aliyelipwa deni lote. Duka lenye mtaji wa shilingi 2,000,000 unaozunguka mara moja kwa mwezi, kwa kiwango hicho cha faida, huingiza 200,000 kila mwezi kabla ya kodi ya chumba na usafiri. Ikiwa nusu ya mtaji, yaani 1,000,000, itatolewa kwa mkopo mwezi Aprili na kulipwa yote mwezi Oktoba, faida ya nusu hiyo ni 100,000 tu kwa miezi sita. Fedha hizo hizo zingezunguka kila mwezi kwa mauzo ya taslimu zingeleta 600,000. Mteja alikuwa mwaminifu, alilipa hadi senti ya mwisho, na bado duka limekosa 500,000. Ni kweli kwamba si bidhaa zote zingeuzika taslimu mwezi Aprili. Lakini hata zingeuzika nusu yake, tofauti hiyo ingetosha kulipa kodi ya chumba.

Tena Oktoba yenyewe si tarehe ya kuaminika. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei zilizotolewa na wanunuzi minada ilipoanza. Novemba mwaka huo Serikali ilitangaza kuwa itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisafirisha. Bei ilikuwa nzuri. Hata hivyo, malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima, na wapo waliosubiri hadi mwaka 2019. Mwenye duka aliyeahidiwa kulipwa Novemba alisubiri pamoja nao, ilhali muuzaji wa jumla mjini hakuwa na sababu ya kumsubiri yeye. Duka lililokuwa na madeni machache lilipita. Lile lililoweka mtaji wake wote katika ahadi ya msimu lilibaki na rafu tupu katika miezi ambayo kwa kawaida ndiyo ya mavuno yake.

Hata katika mwaka wa kawaida ni vyema mwenye duka aielewe njia ya fedha za mkulima. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, korosho husafirishwa hadi ghala kuu, huuzwa mnadani, mnunuzi hulipa, makato huondolewa, kisha kinachobaki huingia kwenye akaunti ya mkulima benki. Mteja hana mamlaka juu ya hatua hata moja baada ya ile ya kwanza. Kwa hiyo "nitakulipa korosho ikiuzwa" ni ahadi ya mtu mwema kuhusu jambo lisilo mikononi mwake, na muuzaji mwenye busara huhesabu wiki kadhaa baada ya mnada kabla ya kuanza kununa.

Wenye maduka waliodumu wana desturi zinazofanana kwa kiasi kikubwa. Huweka kikomo cha madeni yote ya duka, kwa mfano robo ya mtaji, na kikifikiwa hakuna anayeongezwa mpaka mwingine apunguze. Kikomo hicho humwokoa muuzaji na aibu ya kumkatalia jirani usoni, kwani anayekataa ni daftari. Hukopesha unga, chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia. Hawakopeshi soda wala vocha, na fedha za uwakala wa simu hawazigusi kabisa, kwa kuwa si za duka. Kila deni huandikwa siku ile ile: jina, bidhaa, kiasi, tarehe ya kulipa na sahihi au alama ya dole gumba. Mteja asiyependa kutia sahihi ametoa taarifa muhimu kabla ya kuondoka na unga.

Jambo jingine ni kugawa madeni kwa misimu. Katika wilaya zetu mkorosho si zao pekee la fedha. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, na mbaazi hufuata. Deni la Machi la mkulima wa ufuta lifungwe kwa malipo ya ufuta, lisisubiri Oktoba. Deni linaloruka msimu mmoja huzoea kuruka.

Ipo njia ya mkato ambayo baadhi ya wenye maduka huiona kuwa dhamana, nayo ni kangomba: kumpa mkulima chakula au fedha wakati wa shida kwa makubaliano kwamba atalipa kwa korosho iliyopangiwa bei ya chini kabla ya mavuno. Biashara hiyo imekatazwa, na hata asiyejali katazo atazame hesabu yake. Katika uhakiki wa 2018, wenye korosho nyingi walitakiwa kuonyesha mashamba zilikotoka, na mwenye duka hana mikorosho nyuma ya kaunta. Zaidi ya hapo, mkulima aliyeuza kilo kwa bei ya njaa akiona bei ya mnada, hamwoni tena aliyemkopesha kuwa mtu wa kulipwa bali mtu wa kukwepwa. Duka hupata magunia machache na kupoteza mteja wa miaka.

Mkopaji mkubwa kuliko wote, hata hivyo, hulala nyumba moja na mwenye duka. Sukari ya chai ya asubuhi, daftari la mtoto wa shule na mchango wa harusi hutoka dukani bila kuandikwa, kwa kuwa "ni vyetu". Familia ifunguliwe ukurasa wake katika daftari kama mteja mwingine, na mwenye duka ajipangie kiasi maalumu cha kujilipa kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ukurasa huo huleta maneno nyumbani. Mwezi wa pili mtu hujua kwa nini faida haionekani.

Daftari lina thamani pia mbele ya kodi. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi 4,000,000 hakutozwa kodi ya mapato. Mwenye mauzo kati ya 4,000,000 na 7,000,000 alilipa 100,000 ikiwa hatunzi kumbukumbu. Aliyezitunza alilipa asilimia 3 ya kile kinachozidi 4,000,000. Kwa mauzo ya 5,000,000, mwenye daftari alilipa 30,000 na asiye nalo 100,000. Daftari la kurasa mia mbili halifikii bei hiyo.

Kuhusu mikopo ya Halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake uboreshwe, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Ni huduma nzuri, lakini kukopa ili kujaza rafu ambazo bidhaa zake zimegeuka madeni ni kuchota maji kwa pakacha. Marejesho hudaiwa hata katika miezi ambayo korosho haipo. Kikundi kinachoandika mpango kioneshe mauzo ya Machi na Aprili, si ya Novemba peke yake; hapo ndipo itajulikana kama rejesho linabebeka.

Deni likikataa kulipwa, hatua ya kwanza ni usuluhishi mbele ya Mtendaji wa Kijiji, na usipofaulu, shauri la madai hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Kote huko swali la kwanza litahusu maandishi.

Wiki ya mwisho ya Septemba ndiyo wakati mzuri wa kufunga hesabu: kuhesabu bidhaa zilizo rafuni kwa bei ya kununulia, kujumlisha fedha taslimu na madeni yanayotarajiwa kulipwa, kisha kutoa kile unachodaiwa na muuzaji wa jumla. Linganisha jumla hiyo na ya Septemba iliyopita. Anayehitaji kuelekezwa namna ya kupanga kurasa za daftari, au anayetaka kuomba leseni kupitia mfumo wa TAUSI, afike Ofisi ya Biashara akiwa na namba yake ya mlipakodi na kitambulisho cha taifa. Aje na daftari lenyewe, hata kama limechakaa.