Hifadhidata tatu za bure: ipi itunze hesabu zako?

KATIKA soko la programu huria, hifadhidata tatu zinatajwa sana: MySQL, PostgreSQL na SQLite. Mfanyabiashara anaweza kutunzia hesabu za duka lake bila kulipa ada ya leseni. Hata hivyo, bei kulingana hakuna maana kwamba bidhaa ni moja.

Chukua mfano wa karani anayeingiza mauzo ya shilingi bilioni 3 mahali palipotengewa namba isiyozidi 2,147,483,647. PostgreSQL huikataa na kutangaza kosa. MySQL ya zamani iliipokea, ikaandika kikomo hicho na kutoa onyo tu. Hapo zaidi ya shilingi milioni 852 hazimo vitabuni. SQLite huipokea namba yote, lakini karani akiandika neno "mkopo" mahali pa namba, nalo hupita.

Tofauti hiyo inatokana na asili zao. PostgreSQL ni zao la mradi ulioanzishwa mwaka 1986 na Profesa Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na msimamo wake ni usahihi kwanza. MySQL, iliyotolewa mwaka 1995 na kampuni ya Sweden, ilitanguliza kasi na wepesi. SQLite ya D. Richard Hipp, ya mwaka 2000, ilitafuta urahisi: kumbukumbu zote hukaa katika faili moja, ndiyo maana imo hata ndani ya simu za mkononi.

Aidha, MySQL imejirekebisha. Tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015, ukali umekuwa mpangilio wake wa kawaida. Mwenye mfumo wa zamani amuulize fundi wake kama ukali huo umewashwa.

Kuhusu umiliki, MySQL ilinunuliwa na Sun Microsystems mwaka 2008 kwa dola bilioni 1, kisha ikaangukia mikononi mwa Oracle mwaka 2010. Mwasisi wake, Michael Widenius, alikwishaanzisha MariaDB mwaka 2009. PostgreSQL haina kampuni moja inayoimiliki.

Kwa duka lenye kompyuta moja, SQLite inatosha. Penye makarani wengi wanaoandika kwa wakati mmoja, chagua kati ya mbili zilizobaki. Na panapohusika fedha za watu, ni heri karani anayekataa kuliko anayekubali kila kitu.