Mpiga Kura wa 2029 Yuko Darasani Leo

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 umekwisha, na viongozi waliochaguliwa siku ile katika vijiji, mitaa na vitongoji vya halmashauri yetu wamo kazini. Kwa kuwa uchaguzi huo hufanyika kila baada ya miaka mitano, unaofuata ni wa mwaka 2029. Mzazi wa Kisawasawa na afanye hesabu ndogo: mtoto wake aliyezaliwa kabla ya mwezi Novemba 2011 atakuwa ametimiza miaka 18 ifikapo Novemba 2029. Wengi wa watoto hao sasa wamo darasa la saba au wameanza sekondari. Ibara ya 5 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa raia haki ya kupiga kura anapofikisha umri huo. Uelewa wa namna ya kuitumia haki hiyo hauji pamoja na siku ya kuzaliwa, na ndiyo sababu ya makala hii.

Katika kata kama yetu, kura si jambo la mbali. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, lakini haiwezi kumgawia mtu ardhi hiyo bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wajumbe wa mkutano huo ni wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kwa maneno mengine, shamba la mpunga ambalo mtoto anatarajia kulirithi, eneo la malisho linalogombaniwa na njia ya kupeleka maji shambani huamuliwa na watu walionyanyuka nyumbani siku ya mkutano na watu waliowachagua. Asiyefika huamuliwa na waliofika. Hata suala la tembo wanaoshuka kutoka Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa na kuharibu mazao hulifikia Serikali kwa urahisi zaidi likiwa limeandikwa katika muhtasari wa mkutano halali kuliko likiwa manung'uniko ya kilabuni.

Shule zinafanya sehemu yake. Mambo ya uraia yalikuwa yakifundishwa katika somo la Uraia na Maadili, na mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeyaweka katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Hata hivyo, mtoto anaweza kutaja ngazi zote za serikali kwa mpangilio na bado asijue kwamba mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wananchi ilhali mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Mwenyekiti anaweza kuondolewa kwa kura, na mtendaji huwajibishwa na mwajiri wake. Si watoto peke yao wanaozichanganya nafasi hizo. Malalamiko mengi yanayokwenda kwenye ofisi isiyohusika huanzia hapo.

Mahali pazuri pa kuanzia mazoezi ni uchaguzi wa viranja. Katika baadhi ya shule viranja huteuliwa na walimu, na katika nyingine wanafunzi hunyoosha mikono. Njia ya mikono ni ya haraka, lakini ina kasoro ambayo kila aliyepita darasani anaijua: kabla mtoto hajanyoosha mkono wake hutazama kwanza mkono wa yule mkubwa anayeogopwa. Kura ya siri huondoa hofu hiyo, na haihitaji fedha. Boksi tupu la chaki linatosha kuwa sanduku la kura. Karatasi za daftari zikikatwa kwa ukubwa mmoja na kugongwa muhuri wa shule zinakuwa karatasi za kura. Kanga ikitundikwa kwenye kona ya darasa inakuwa kituturi. Majina ya wapiga kura yaandikwe mapema na kubandikwa mlangoni ili kila mwanafunzi alihakiki jina lake, na ambaye jina lake halimo aelezwe utaratibu wa kulalamika kabla ya siku yenyewe.

Siku ya kura, sanduku lifunguliwe mbele ya wote waone kwamba halina kitu, kisha lifungwe. Kila mgombea awe na wakala anayeangalia upigaji na kuhesabu. Kura zihesabiwe kwa sauti na kuandikwa ubaoni. Idadi ya kura zote, pamoja na zilizoharibika, ilingane na idadi ya waliotiwa alama kwenye orodha. Zisipolingana, mwalimu asiharakishe. Awaulize wanafunzi wafanye nini, na pengine somo kubwa kuliko yote litapatikana katika majadiliano hayo. Aliyeshindwa apewe nafasi ya kusema neno, naye mshindi aandike ahadi zake kwenye karatasi itakayobandikwa ukutani mpaka mwisho wa muhula.

Kwenye kampeni za darasani pipi na ubuyu huonekana mapema. Watu wazima hucheka, ingawa hakuna cha kuchekesha. Mtoto aliyekubali ubuyu ili atoe kura amekwisha kufundishwa kwamba kura ina bei, na itakuwa vigumu kumweleza kinyume chake akiwa na miaka 20. Mgombea anayegawa vitu aondolewe, na sababu itangazwe mbele ya wote. Shule zenye klabu za wapinga rushwa chini ya TAKUKURU zinaweza kuwapa wanaklabu kazi ya kuangalia jambo hili. Jambo moja liepukwe kabisa: rangi, nyimbo na alama za vyama vya siasa zisiingie katika uchaguzi wa shule. Watoto wanajifunza utaratibu, na wazazi wao ni wa itikadi mbalimbali.

Kwa walimu wanaotafuta mfano wa historia, ipo miwili ya hapa nyumbani. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, si kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura. Aliyetaka kuandikishwa alipaswa kuwa na umri wa miaka 21 na, pamoja na hilo, awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe ameshika wadhifa uliotajwa. Zaidi ya hayo, kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, yaani Mwafrika, Mzungu na Mwasia. TANU ilijadili katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958 kama ikubali kushiriki kwa masharti hayo, na ikaamua kushiriki. Mwanafunzi akaulize nyumbani ni nani katika ukoo wake angeruhusiwa kupiga kura wakati ule. Mfano wa pili ni uchaguzi wa mwaka 1965, ambapo wagombea ubunge walitambulishwa kwa jembe na nyumba ili hata asiyejua kusoma aweze kupiga kura. Swali la kuwauliza wanafunzi ni hili: mkulima aliyepigia jembe alimchagua mtu au alichagua chombo chake cha kazi? Wabishane.

Nyumbani nako kuna kazi, japo si ya vitabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake, na kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinamwekea wajibu: kudumisha umoja wa familia, kuheshimu wazazi na wakubwa, na kuitumikia jamii kwa kadiri ya uwezo wake. Wazazi wengi wanakumbuka nusu ya pili na kusahau ya kwanza. Mtoto anayeulizwa maoni yake kuhusu jambo la nyumbani, akakubaliwa au akakataliwa kwa sababu aliyoelezwa, hujifunza kujenga hoja. Vilevile hukariri anayoyaona. Baba anayesema kila mara kwamba mikutano ya kijiji ni ya watu wasio na kazi asishangae kijana wake akisema hivyohivyo mwaka 2029.

Lipo pia jambo la nyaraka, ambalo huwakwamisha vijana wengi. Kura za serikali za mitaa na za uchaguzi mkuu hazitumii orodha moja. Kwa uchaguzi mkuu, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi hutumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na kijana ambaye atatimiza miaka 18 ifikapo siku ya kupiga kura huweza kuandikishwa kabla hajaufikia umri huo. Kwa serikali za mitaa huandaliwa orodha nyingine kwa kufuata makazi ya mtu. Mwaka 2024 uandikishaji wake ulikuwa kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba. Mwenye kadi ya mpiga kura ambaye hakujiandikisha katika siku hizo hakuwa na jina kwenye orodha ya kitongoji. Kijana afundishwe tofauti hii mapema. Mzazi naye ahakikishe kwamba cheti cha kuzaliwa cha mtoto kipo na majina yake yanafanana na yale ya shuleni, kwani ndicho kitakachohitajika anapoomba Kitambulisho cha Taifa.

Mkutano Mkuu wa Kijiji unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo. Mtoto hana kura katika mkutano huo, ila anaweza kwenda na mzazi wake, akaketi kando na daftari, akaandika fedha zilizotajwa na ahadi zilizotolewa. Mkutano unaofuata aende na daftari lilelile. Shule zinazotaka kuendesha uchaguzi wa viranja kwa kura ya siri zinaweza kuomba ushauri kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata, na kamati za shule zinaombwa kuliweka jambo hili kwenye ajenda ya kikao chao kijacho.